Nilikuuliza Mara Moja Tu

Baba Yusra,

Barua za kwetu huanza kwa kupeana hali. Wewe ulikuwa huachi: sisi huku sote wazima, alhamdulillah, khofu ni kwenu. Uliandika hivyo hata kwenye simu, hata ukiwa umelala na homa na shuka limekufika masikioni. Mimi leo nimekaa kwenye meza ya kulia tangu alasiri, chai ya pili imeshapoa, na maneno hayo hayanitoki. Basi nimeyaruka. Hali yangu ntakwambia mwisho, nikiwa bado nna nguvu ya kushika kalamu.

Nimerudi Jumanne. Begi bado liko ukumbini pale pale alipoliweka dereva, na kila anayeingia analiruka na kuuliza swali moja: umefika juu? Dada yako Zuwena kaniuliza hata hajavua viatu. Jirani kaniuliza kwa juu ya ukuta. Kwenye simu sijui ni watu wangapi, nimeizima. Sijamjibu mtu. Wewe ndiwe uliyeniandikisha, basi wewe ndiwe wa mwanzo kuambiwa, na wao wakitaka kujua na waisome barua hii, siifichi.

Unakumbuka siku uliyoniambia? Ulikuwa na miezi mitatu ya kustaafu na umeshaniudhi vya kutosha. Asubuhi unazunguka mitaa ya Bawshar, hapa hapa Maskati, kwa gari bila ya shughuli, mchana unanifuata jikoni kunifunulia masufuria, jioni unakwenda moli kutembea raundi kumi kwenye ubaridi wa kiyoyozi, kisha unarudi na mkate wakati mkate tunao. Siku hiyo ulitoka Khuwair kunywa kahawa na wenzio wa ofisini zamani, ukanikuta nakunja nguo. Ukakaa kitandani juu ya zile nilizokwisha kukunja.

"Nimetuandikisha," ukasema.

"Wapi?"

"Nepal. Tunakwenda kupanda mlima. Kundi la watu wanane na viongozi wenyeji wa huko. Mita elfu sita na zaidi, lakini wanasema mtu wa kawaida anaweza, akijizoeza."

Nikakuuliza kama umelitazama goti langu. Ukasema goti litazoea. Nikakuuliza kama umewahi kuniona, kwa miaka thelathini na moja, nikilala ndani ya hema. Ukasema hema nalo ntalizoea. Ulikuwa na jawabu hilo moja kwa kila kitu, unacheka peke yako, na mimi nikakwambia ondoka juu ya nguo zangu.

Lakini nilikwenda nawe. Kila Ijumaa tulitoka mapema, wewe na fimbo zako mbili mpya, mimi na malalamiko yangu, tukapanda njia za Jabal Akhdar mpaka jua likatufukuza. Ulitangulia mbele. Kila kona ulisimama ukajitia unatazama mabonde, ili nikufikie bila ya kuonekana kuwa unaningoja. Nilikuwa nnalijua hilo na sikukwambia, kwa sababu lilinipendeza. Miezi ya mwisho ukawa unasimama mara nyingi zaidi. Nilidhani ni kwa ajili yangu.

Kisha ukaleta viatu. Jozi mbili, rangi moja, vyangu vidogo na vyako vikubwa, vizito kama matofali. Muuzaji alikwambia sharti vizoeane na mguu kabla ya safari, na neno la muuzaji wewe ulilifanya sharia. Ukawa unavivaa ndani ya nyumba. Kanzu imepigwa pasi, kofia kichwani, na chini viatu vya kupandia barafu, umekaa kwenye kiti chako unatazama taarifa ya khabari. Nikakwambia unafanana na askari aliyetoroka kambini akaiba kanzu ya watu. Ukaninyooshea mguu, ukaniambia, "Na vyako vinakungoja."

Ulifariki umekaa kwenye kiti hicho, saa nne ya asubuhi, na viatu hivyo miguuni. Mimi ndiye niliyefungua kamba zake, na wale waliokuja na gari la wagonjwa walikuwa hawana haraka tena.

Daktari akatueleza kwa upole kuwa moyo wako haukuanza kuumwa siku hiyo. Moyo ulikuwa unalalamika kwa wiki nyingi. Siku ya tatu, nikitafuta karatasi zako za wizarani, nilifungua mtoto wa meza wa upande wako wa kitanda, nikakuta paketi nne za vidonge vya kiungulia, tatu zimekwisha. Kumbe ulikuwa unavitafuna kwa siri, ukijiambia ni pilau. Na kila asubuhi nikikuuliza hujambo, na kila asubuhi ukinijibu sijambo, alhamdulillah. Sikulia siku hiyo, Baba Yusra. Nilikasirika. Nimekaa na hasira hizo mwaka huu mzima na nataka uzijue.

Eda niliikaa kama inavyotakiwa, miezi minne na siku kumi, sitoki mlangoni. Mwanetu Yusra alikuja kukaa nami kutoka kwake Sohar. Usingizi ulinikimbia na miguu ilikuwa haitulii, ikawa napanda ngazi za nyumba. Vidato ishirini na viwili kutoka ukumbini mpaka juu. Napanda, nashuka, napanda. Baadaye nikavaa vile viatu. Baadaye tena nikatia mifuko miwili ya mchele kwenye begi la mgongoni uliloninunulia. Kidato cha pili tu nilikuwa nakiruka, na sababu yake ntakwambia.

Wanawake waliokuja kuhani wamekaa chini na tasbihi zao, wanasikia du, du, du juu ya vichwa vyao. Bibi mmoja akamuuliza Yusra, "Mna mafundi?" Yusra akasema, "Hapana, bibi, ni mama." Zuwena akanipandia kuja kunikanya. Akaniambia mjane hatembei na mchele mgongoni. Nikamuuliza imeandikwa wapi. Akashuka, na kesho yake akaniletea soksi za sufi.

Watu walisema maskini, anataka kumtimizia marehemu alilolitamani. Niliwaacha waseme. Lakini wewe nikwambie kweli, sikuwa najizoeza kwa mapenzi. Nilitaka nifike pale juu, nisimame, nikwambie: nimefika mimi mwenye goti, wewe hukufika, na hukufika kwa sababu hukufungua mdomo wako. Nilitaka nikushinde. Hilo ndilo lililonipandisha ngazi, na hilo ndilo lililonipandisha ndege.

Wiki moja kabla ya safari ilikuwa harusi ya binti wa Zuwena. Nilikuwa nimeshatoka eda, wanawake wakanikalisha kitako, wakasema sasa imetosha, mpakeni. Wakanipaka hina mikononi na piko nyeusi kwenye kucha na ncha za vidole, vyote kumi. Sikukataa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu uondoke mtu kunishika mikono kwa muda mrefu.

Piko hiyo ndiyo iliyoniponza, piko na ulimi.

Huko juu hewa ni haba. Kila unavyopanda inapungua, na mwili unataka upewe siku za kuzoea. Kichwa kikianza kuuma na mtu akanyamaza, akaendelea kupanda, anaweza kufa, na hili walituambia siku ya kwanza, bila ya kulizunguka. Kwa hiyo kila asubuhi, watu wakinywa chai, kiongozi wetu Pasang alipita na kidude kidogo cha kubana kidoleni, kile kinachosoma hewa kwenye damu, akauliza kila mtu kichwa, tumbo na usingizi. Pasang ni Mnepali wa makamo, mfupi, mwenye sauti ndogo. Aliwahi kufanya kazi ya ghala miaka mitano huku kwetu Ghuba, na Kiarabu chake cha kuombea chai bado anacho.

Kwangu kidude kilikataa. Alibana kidole hiki, akabana kile, nambari mara inakuja ya mtu mahututi, mara haiji kabisa. Akajaribu kwenye sikio, nalo lilikuwa baridi halisomeki. Akaitazama mikono yangu ilivyopambwa, akacheka.

"Vidole vyako havisemi, mama. Itabidi nikuulize wewe mwenyewe. Zain, mzima?"

"Zain, alhamdulillah."

Na siku sita za mwanzo ilikuwa kweli. Tulitembea misituni, tukavuka madaraja ya kamba, wapagazi wakitupita na mizigo mgongoni huku wanaimba. Goti liliuma na nikalisema, kwa sababu goti kila mtu analijua. Usiku nikilala hemani na Achieng.

Huyo sikukwambia. Nafasi yako kwenye kundi aliichukua mtoto wa kike wa Kikenya, wa Kisumu, yuko mapokezi kwenye hoteli moja ya Qurum. Alijilimbikizia likizo za miaka miwili kwa safari hii. Nilimkasirikia kabla sijamwona, kwa sababu atalala palipokuwa pako. Akaja, akanipa shikamoo, akaniuliza napenda kulala upande gani. Kiswahili changu kilimchekesha. Nikisema nshashiba yeye analirudia polepole, kama anayeonja. Asubuhi anasoma Biblia yake ndogo, mimi naelekea kibla, hema moja hilo hilo, hakuna aliyemkera mwenzake. Kila jioni alinijazia chupa maji ya moto akanitilia miguuni ndani ya mfuko wa kulalia, na sikumwomba. Ni kazi kumchukia mtu wa namna hiyo. Siku ya nne niliacha.

Kwenye kituo cha mwisho, chini kidogo ya barafu, kichwa kikaanza. Nilihisi nimevishwa kilemba cha mtu mwenye kichwa kidogo. Asubuhi Pasang akaja na buku lake.

"Zain, mama?"

Kabla sijafikiri, mdomo ukajibu wenyewe, "Zain, alhamdulillah." Sikukusudia uwongo. Ndivyo tunavyojibu. Tumelelewa hivyo mimi na wewe: ukiulizwa hali unashukuru, na maumivu yako unayapeleka kwa Mola wako na kwa mto wako wa kulalia. Mtu mzima kujitangazia ugonjwa mbele za watu, kwetu ni utovu wa adabu. Pasang akaandika, akapita kwa mwengine. Siku ya pili nilijua ninachosema, na nikasema vile vile.

Jioni ya kabla ya kupanda, kwenye hema za juu, Pasang na wenzake wakatupanga kwenye kamba. Barafu ya huko ina mipasuko iliyofunikwa na theluji, huioni mpaka umo ndani, kwa hiyo hakuna anayetembea bila ya kufungwa na wenzake. Kamba yetu ilikuwa ya watu watatu: Pasang mbele, mimi katikati, Achieng nyuma. Akatupa sharti moja. Kamba moja ina kiongozi mmoja. Mtu mmoja akirudi, kamba nzima inarudi.

"Kwa hiyo nambieni kweli sasa," akasema.

Achieng akasema kichwa kinamuuma, lakini kidogo, mbili katika kumi. Mimi nikasema sina kitu. Sikutaka kuwa mimi wa kumrudisha mtoto wa watu na likizo zake za miaka miwili. Na nilikuwa bado sijakushinda.

Tukaondoka saa nane ya usiku, kwa sababu jua likishapiga, theluji inalainika. Taa kichwani, meno ya chuma yamefungwa chini ya viatu, hatua moja, pumzi tatu. Baridi ile sina maneno yake. Sisi watu wa Maskati tukisikia digrii ishirini tunatafuta shali. Nilitapika mara moja, nikaifunika kwa theluji kama paka. Hakuna aliyeona. Alfajiri ikapambazuka, na kilele kikaonekana mbele yetu, mgongo mweupe tu, wala hautishi. Umebaki mwendo wa saa moja na nusu, Pasang alisema. Watu wa kamba ya mbele tuliwaona juu huko, wadogo wadogo, wanakwenda.

Hapo ndipo miguu ilipoanza kunichanganya. Nautaka wa kulia unakuja wa kushoto. Nikamwona Achieng yuko mbele yangu, nikamwambia asikimbie, na Achieng alikuwa nyuma. Nikakaa chini kwenye theluji.

Pasang akageuka. "Zain, mama?"

"Zain, alhamdulillah. Nimechoka tu."

Akapiga magoti mbele yangu, akanitazama machoni. "Mama, mimi nimekaa kwenu miaka mitano," akasema. "Ghalani kisanduku kilimwangukia mzee mmoja, mguu ukavunjika, nikamuuliza, zain? Akaniambia zain, alhamdulillah. Alhamdulillah yenu naijua. Nambie kichwa."

Nikamwambia kichwa hakina neno.

Achieng akasogea, akachuchumaa, akaivua miwani yake ya theluji. Uso wake ulikuwa umechubuka kwa upepo.

"Mama Yusra, uko sawa?"

"Niko sawa, mwanangu. Nimechoka tu."

"Hapana. Hiyo umekuwa ukiniambia tangu juzi. Nakuuliza tena."

Na akangoja. Kilele kiko juu ya bega lake, kinang'aa. Sharti la kamba alilijua kama nilivyolijua mimi. Jawabu la kweli lilikuwa linamteremsha yeye vile vile, baada ya miaka miwili ya kujinyima, na yeye ndiye aliyelitaka. Sijawahi kuona mtu anauliza swali namna ile.

Nikamwambia. Kichwa kinapasuka, kinaniuma siku ya tatu hii, nimetapika, watu nawaona wasipokuwepo. Nililia nikisema, Baba Yusra, kilio cha mtoto aliyekutwa na sukari mkononi. Pasang hakunigombeza. Alirekebisha kamba kwenye mkanda wangu wa kiunoni, akasema, "Tunashuka," akatugeuza, yeye akabaki nyuma kunishikilia. Achieng alisimama kidogo anatazama juu. Kisha akatangulia mbele, akawa ananichimbia vidato kwa kisigino ili nikanyage pazuri.

Kwa hiyo jawabu ndilo hilo. Sikufika. Zuwena, kama unasoma, sikufika, na Achieng hakufika kwa sababu yangu.

Kadiri tulivyoshuka kichwa kiliniachia. Mchana tulikuwa tumerudi kwenye kile kituo cha chini, kwenye chumba chenye jiko la kuni, mimi nimefungwa mablanketi, Achieng kashika kikombe cha chai ya tangawizi hakinywi. Wenzetu walikuwa bado hawajarudi na furaha yao.

"Nisamehe, mwanangu," nikamwambia.

"Nimeskia vibaya, mama, siwezi kukudanganya," akasema. "Nyumbani wote wanajua nimekuja. Nilikuwa nataka hiyo picha." Akakizungusha kikombe. "Lakini hata mimi nina makosa. Juzi nilipokuuliza ukasema uko sawa, nilijua hauko sawa. Usiku ulikuwa unalia na kichwa ukiwa usingizini. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nataka kufika. Jibu lako lilinifaa."

Akatoka kwenda kuzoa kuni. Mimi nikabaki pale na maneno yake. Nimepanda milima na wewe, nimepanda ngazi na mchele, nimefika mahali ndege hawafiki, na hakuna kilichonivunja magoti kama maneno hayo.

Kwa sababu asubuhi ile, Baba Yusra, nilikuona.

Ulirudi msikitini ukavaa viatu vyako, ukataka kupanda juu, ukaishia kidato cha pili. Ukakaa. Mkono uko shavuni, unalikanda taya. Uso wako ulikuwa na rangi ya unga uliokandwa. Nikatoka jikoni na upawa mkononi, mafuta yanachirizika, nikakuuliza, "Hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillah. Nimechoka tu."

Nikakutazama. Nilitazama kwa muda wa kutosha. Moyo wangu ulijua kitu, sijui niseme ulijua nini, lakini ulijua. Na mandazi yalikuwa kwenye mafuta, na Zuwena alikuwa anakuja na wageni saa tano, na jawabu lako lilinifaa. Nikarudi jikoni. Ukainuka mwenyewe, ukenda ukakaa kwenye kiti chako. Achieng alikuwa na kilele cha kupoteza, akauliza tena. Mimi nilikuwa na mandazi, na nilikuuliza mara moja tu.

Mwaka mzima nimesema hukuniambia. Na ni kweli hukuniambia, hasira zangu ulizistahiki, na zote sizirudishi. Lakini nilizikumbatia kwa nguvu vile kwa sababu zilikuwa zinaniziba macho. Nilipanda na kushuka ngazi ile mpaka zulia likachakaa, na kidato chako nikakiruka kila mara, nikajiambia ni goti.

Sijui nifanye nini na haya. Nikimwambia Zuwena ataniambia ni kadari, na ni kadari, siikatai. Daktari huenda angeniambia hata ningekuuliza mara kumi ingekuwa vile vile. Huenda. Mimi sitajua, na wewe hutaniambia, na hiyo ndiyo sehemu yangu ya kubeba. Ni nzito kuliko mchele.

Jana nilifungua simu kidogo, Yusra akapiga kutoka Sohar.

"Hujambo, mama?"

Mdomo ukataka kwenda wenyewe. Nikaushika. Nikamwambia, "Alhamdulillah, mwanangu, na naumwa." Nilikuwa sijui kama maneno hayo mawili yanakaa pamoja. Yanakaa. Shukurani haikuondoka kwa sababu nimesema kweli. Nikasikia pumzi ya Yusra tu, nikadhani nimemtisha. Kisha akasema, "Na mimi, mama." Mtoto huyu hajalia mbele yangu tangu siku ya mazishi, na mimi nikawa najisifu kwa watu kuwa ana subira. Tulizungumza mpaka magharibi ikatukuta.

Achieng alipita leo mchana akitoka kazini. Ananiambia ataanza tena kuweka likizo. Nikampa zile soksi za sufi za Zuwena, akazivaa hapo hapo ukumbini, kwenye joto hili. Viatu vyako aliviona chini ya kiti, akauliza ni vya nani, nikamwambia. Akavisogeza vikakaa sawasawa. Sijavitoa. Sivitoi leo, sina nguvu.

Basi hali yangu, kama nilivyokuahidi. Alhamdulillah. Kichwa kimeacha. Dole gumba la mguu wa kushoto halina hisia, wanasema zitarudi. Pua inachunika. Goti limevimba; halikuzoea, ulikosea. Nimechoka, Baba Yusra, uchovu ambao nalala nao na kuamka nao, na naona huu si wa mlima. Vidonge nimekusamehe, paketi tatu kati ya nne. Wewe nisamehe mandazi.

Nikimaliza kuandika ntakwenda kukaa kidogo kwenye kidato cha pili, nione mahali ulipokuwa unapaona ukiwa umekaa pale. Kisha ntajivuta kwenda kulala. Mungu akupe wasaa huko uliko, na akupozee kifua.

Hujambo, mume wangu?

Nakuuliza tena.

Mkeo,
Mama Yusra